Wati 3000 Zilizoshindwa na Wati 300: Kisa cha Sabufa ya Gari Dogo

Mwenye gari alikuja na mpango uliokwisha kukamilika kichwani: sabufa mbili za inchi 12 kwenye boksi moja lenye tundu, zisukumwe na amplifaya ya chaneli nne iliyochapwa "3000W" ubavuni. Amplifaya alikuwa nayo tayari. Sabufa alikuwa bado hajanunua, na hiyo ndiyo nafuu iliyofanya kisa hiki kiwe cha kuchambua badala ya kuwa cha kusikitikia.

Gari lenyewe ni dogo, la milango mitano. Buti halijatenganishwa na chumba: mlango wa nyuma hufunguka pamoja na kioo, na ukikunja viti vya nyuma unapata sakafu moja ndefu. Redio ni ya kiwandani, imepachikwa ndani ya dashibodi pamoja na vitufe vya kiyoyozi, wala nyuma yake haina matundu ya RCA (ya kutolea ishara ya sauti kwenda kwenye amplifaya). Spika za milangoni ni za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Kwa sauti ya mwimbaji hazina neno, ila ukipandisha sauti kwenye reggae zinaanza kupasua, na mwenyewe ni mpenzi wa reggae hasa. Alikuwa na masharti mawili: redio isitolewe, na buti liendelee kubeba mizigo.

Wengi huanzia kwenye amplifaya, wakaja kwenye sabufa, na boksi likafuata mwisho kama vile ni kifungashio tu. Mimi huanzia mkiani. Naangalia kwanza nafasi iliyopo ya boksi, kisha umeme ambao gari linaweza kutoa, ndipo sabufa inayofaa nafasi hiyo. Amplifaya huchaguliwa baada ya hayo yote. Lakini kwa kuwa hapa amplifaya ilishatangulia kununuliwa, ilibidi tuanze nayo.

Fyuzi haijui kutia chumvi

Amplifaya haizalishi nguvu. Inachukua umeme wa gari na kuugeuza, kwa hiyo haiwezi kutoa zaidi ya kile ilichopokea, na kila inachopokea kinapitia kwenye fyuzi. Hiyo ya "3000W" ilikuwa na fyuzi moja ya ampea 30. Injini ikiwaka, umeme wa gari huwa kama volti 14.4. Zidisha 30 kwa 14.4 upate wati 432, na hizo ndizo zote zinazoweza kuingia kwa muda wa maana kabla fyuzi haijaungua. Tena amplifaya yenyewe ni ya klasi AB, ambayo hata ikisukumwa hadi mwisho hugeuza nusu tu ya umeme kuwa sauti, au kuzidi nusu kidogo. Kinachobaki ni joto. Tuipe asilimia 55: zinabaki wati 238.

Kijitabu kilichokuja nayo kilikuwa kikweli zaidi kuliko ubavu wake. Ukurasa wa maelezo ya kiufundi ulisema wati 50 RMS (nguvu ya kudumu, si ya kilele cha mara moja) kwa kila chaneli kwenye omu 4. Chaneli ni nne, jumla wati 200. Fyuzi na kijitabu vinakubaliana. Aliyepotea njia ni mchapaji wa namba ya nje.

Namba ya "max" kama hiyo 3000 haina ubaya wa kisheria, kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa kuipima kwa namna moja. Kipimo cha kuaminika kipo. Mwaka 2003 watengenezaji wa vifaa vya elektroniki Marekani walitoa kiwango cha CEA-2006, ambacho siku hizi kinaitwa CTA-2006: nguvu hupimwa kwa volti 14.4, kwenye omu 4, na uchafu katika sauti usizidi asilimia 1. Ni cha hiari. Ukikuta alama yake kwenye kasha la amplifaya, namba iliyo pembeni yake unaweza kuifanyia hesabu. Usipoikuta, rudi kwenye fyuzi.

Je, amplifaya hiyo itupwe? Hapana, na hapa nilisita kidogo kabla ya kushauri. Wati 50 mara nne si haba. Chaneli mbili za mbele zingeweza kusukuma spika za milangoni, na mbili za nyuma zikaunganishwa kuwa moja kwa ajili ya sabufa, zikatoa kama wati 150 kwenye omu 4. Mpango huo ungefanya kazi vizuri kuliko ule aliokuja nao. Kilichoukwamisha ni kwamba chaneli zikiunganishwa hivyo haziruhusiwi kushuka chini ya omu 4, nazo sabufa mbili alizozitaka, zikifungwa zote sambamba, zingeshuka. Juu ya hapo, kuchukua waya za spika za milango yote, kuzipeleka nyuma na kuzirudisha mbele kulimaanisha kufumua dashibodi, jambo ambalo mwenye gari alishalikataa. Akaamua kuiuza.

Umeme uliopo na umeme unaodhaniwa

Alteneta ya gari hili imeandikwa ampea 80. Ampea hizo hutoka injini ikizunguka kwa kasi. Gari likisimama kwenye foleni, alteneta hutoa sehemu tu ya kiasi hicho, mara nyingi karibu nusu. Usiku taa zinawaka, kiyoyozi kinafanya kazi, pampu ya mafuta na feni ya rejeta zinakula umeme. Gari lenyewe linaweza kuchukua ampea 35 hadi 40 kabla hata muziki haujaanza. Ziada inayobaki kwenye foleni ni ndogo mno.

Sasa piga hesabu ya amplifaya ya klasi D yenye wati 300 za kweli, yenye ufanisi wa asilimia 80. Itahitaji wati 375 kutoka kwenye gari, yaani ampea 27 kwa volti 13.8, pale tu inapopiga kwa nguvu zote bila kupumua. Muziki hupumua. Kwa wastani, hata sauti ikiwa juu, matumizi huwa theluthi ya hapo au pungufu, kama ampea 9. Gari hili linaweza kustahimili. Ukienda wati 1000 za kweli unaingia kwenye kubadilisha alteneta na betri, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, yenye gharama inayoizidi sabufa yenyewe.

Ukomo ukawekwa hapo: wati 300 hivi, klasi D, chaneli moja.

Boksi

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na nyama.

Sabufa ya inchi 12 kwenye boksi lenye tundu huhitaji kama lita 50 hadi 60, na kwa nyingine zaidi. Mbili ni lita 100 na ushee za ndani, bado unene wa mbao. Buti la gari la namna hii, kifuniko chake kikiwa mahali pake, huwa kati ya lita 250 na 300. Tulipochukua futikamba na kumwonyesha mwenyewe kwa katoni tupu mahali boksi hilo lingefika, alicheka, akasema sabufa moja inatosha. Katoni ilifanya kazi ambayo maelezo yangu ya nusu saa yasingeifanya.

Na tuseme ukweli kuhusu ya pili ingeongeza nini. Kwa nguvu ileile, sabufa mbili zilizokaa pamoja hupata desibeli 3 za ziada, kwa kuwa eneo la koni (uso wa spika unaotikisika) limeongezeka maradufu. Lakini kila sabufa ya aina tuliyoitazama ina koili mbili, na koili nne za omu 4 zikiunganishwa zote sambamba huleta omu 1, ambayo amplifaya tuliyokuwa tunaitazama haiikubali. Ingebidi ziunganishwe kwa namna ya kupata omu 4, na hapo amplifaya ileile inatoa wati 200 badala ya 300, hasara ya karibu desibeli 1.8. Faida inayobaki ni desibeli moja na robo. Sikio linalosikiliza muziki huku matairi yakivuma halitaiona, na buti limekwisha.

Nafasi iliyopatikana ni kona moja ya nyuma, upande wa kulia, ambako boksi lenye upana wa sentimita 50, kimo cha 36 na kina cha 33 linakaa bila kuzuia viti kukunjwa. Kwa MDF (mbao ya nyuzi zilizobanwa) ya milimita 18, vipimo vya ndani vinakuwa 46.4 kwa 32.4 kwa 29.4, ambavyo ni lita 44. Toa lita mbili za mwili wa sabufa na mbili za vipande vya kuimarishia kuta, zinabaki 40. Namba hiyo ndiyo iliyochagua sabufa.

Kila sabufa ya kueleweka huja na karatasi yenye vipimo vinavyoitwa vya Thiele na Small, kwa majina ya wahandisi Neville Thiele na Richard Small, waliofanya sanaa ya kubahatisha maboksi iwe hesabu. Vinavyohitajika hapa ni vitatu: Fs, masafa ambayo koni hutikisika kwa hiari yake, Qts, jinsi mtikisiko huo unavyodhibitiwa, na Vas, ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na mhimili wa koni. Sabufa tuliyoiteua ilikuwa na Fs hezi 28, Qts 0.45 na Vas lita 60. Kwa boksi lililofungwa hesabu ni fupi: gawanya Vas kwa ujazo wa boksi, ongeza moja, tafuta kipeuo cha pili. Sitini kwa arobaini ni 1.5, ukiongeza moja ni 2.5, kipeuo chake ni 1.58. Zidisha kwa Qts upate 0.71, udhibiti wa koni ikiwa ndani ya boksi. Zidisha ileile 1.58 kwa Fs upate hezi 44, masafa yake ya kutikisika humo.

Hiyo 0.71 ndiyo inayosakwa na kila anayetaka besi iliyotulia: mdundo unaanza na kuisha kwa wakati. Tungebana boksi mpaka lita 25 ingepanda hadi 0.83 na hezi 52, sauti ingevimba kidogo juu na kukonda chini. Wapo wanaoipenda hivyo. Kwa reggae ni hasara, maana uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne unatoa hezi 41, na huko ndiko muziki huo unakoishi.

Mtu atauliza: kwa nini lisiwe na tundu, wakati boksi lenye tundu hupiga kwa nguvu zaidi? Ni kweli hupiga zaidi, karibu na masafa ambayo tundu limepangiwa. Chini ya hapo sauti hushuka kwa desibeli 24 kwa kila oktavu (yaani kila masafa yakipungua nusu), na koni hubaki bila hewa ya kuizuia, ikatupwa mbele na nyuma mpaka ikajiumiza kama hakuna kichujio cha kuilinda. Boksi lililofungwa hushuka taratibu, desibeli 12 kwa oktavu. Na gari dogo lina zawadi yake. Urefu wa chumba hiki ni kama mita 2.7, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chini ya hezi 64 hivi nusu ya wimbi haienei tena chumbani, na koni huanza kubana hewa yote ya gari kwa pamoja kama pistoni. Sauti ya chini hupandishwa na chumba chenyewe, kinadharia kwa desibeli 12 kwa oktavu, kiasi kilekile ambacho boksi lililofungwa linapoteza. Magari huvuja hewa na mabati yake hutikisika, kwa hiyo kwa vitendo faida ni pungufu ya hapo, lakini inatosha kuifanya sabufa moja ya kawaida ishuke chini kuliko karatasi yake inavyodai. Katika gari lenye buti lililotenganishwa na viti nisingekuwa na uhakika kiasi hiki.

Kuoanisha sabufa na amplifaya

Baada ya boksi, mambo yaliyobaki yalikwenda haraka. Sabufa ina koili mbili za omu 4 na inabeba wati 350 RMS. Koili zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 2. Zikifuatana zinakuwa omu 8. Amplifaya iliyochaguliwa hutoa wati 200 kwenye omu 4 na 300 kwenye omu 2, na haishuki chini ya hapo. Aina hiyohiyo ya sabufa inauzwa pia yenye koili mbili za omu 2, ambazo huleta omu 1 au omu 4, na watu huzichanganya kwa kuwa kasha ni moja. Soma karatasi iliyobandikwa nyuma ya sumaku.

Fyuzi ya amplifaya mpya? Ampea 30. Ileile. Zidisha kwa 14.4 na asilimia 80 upate wati 346, kwa hiyo dai la 300 linaaminika. Amplifaya mbili zenye fyuzi sawa, moja imeandikwa 3000 na nyingine 300, na yenye sufuri pungufu ndiyo yenye nguvu zaidi.

Waya wa umeme kutoka kwenye betri hadi nyuma ni mita 5. Tulitumia shaba tupu ya milimita 16 za mraba, ambayo kwa ampea 27 hupoteza volti 0.15 tu. Seti nyingi za waya zinazouzwa tayari ni alumini iliyopakwa shaba, nene kwa plastiki, na hupoteza umeme zaidi kwa unene uleule. Kwaruza ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani, ujue. Fyuzi ya ampea 40 iliwekwa ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kulinda waya usiwake moto ukichubuka kwenye bati, si kuilinda amplifaya. Waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) ulifungwa karibu na amplifaya, chini ya nusu mita, kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka likang'aa. Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini mara nyingi huanzia kwenye ethi iliyofungwa juu ya rangi.

Redio iliyokuwa inaficha besi

Tatizo ambalo mwenye gari hakulitarajia lilikuwa kwenye redio. Amplifaya ilikuwa na njia ya kupokea ishara kutoka kwenye waya za spika, kwa hiyo kukosekana kwa RCA halikuwa jambo. Tatizo ni kwamba redio nyingi za kiwandani hupunguza besi zenyewe kadiri unavyopandisha sauti, ili spika ndogo za milangoni zisiharibike. Kwa spika hizo ni busara. Kwa sabufa ni balaa: unaongeza sauti, mdundo unarudi nyuma.

Namna ya kulijua hilo ni kupiga toni ya hezi 40 na ya hezi 100 zilizorekodiwa kwa kiwango kimoja, huku multimita ikipima volti za AC kwenye waya wa spika. Panda hatua kwa hatua. Volti za hezi 100 zilipanda mpaka juu. Za hezi 40 zilikwenda nazo sambamba hadi karibu theluthi mbili ya sauti, kisha zikagoma. Vipo vigeuzi vya ishara ambavyo hurudisha besi iliyokatwa. Nilipendekeza tusubiri kwanza, kwa kuwa mwenye gari hakuwa na desturi ya kupita theluthi mbili, na sabufa ikishakuwepo haja ya kupandisha redio inapungua.

Kwa hiyo gein (kitufe cha kuoanisha amplifaya na nguvu ya ishara ya redio) ilipangwa kwa kiwango hicho. Sabufa ilichomolewa, redio ikawekwa theluthi mbili, toni ya hezi 50 ikapigwa, multimita ikawekwa kwenye midomo ya kutokea ya amplifaya. Lengo ni kipeuo cha pili cha wati mara omu: 300 mara 2 ni 600, kipeuo chake volti 24.5. Ukizidisha hapo, vichwa vya mawimbi vinakatwa, koili inapata joto, na utasikia harufu kabla hujaelewa. Ndiyo sababu amplifaya ndogo iliyolazimishwa kupiga kelele inaweza kuunguza sabufa ambayo amplifaya kubwa iliyopangwa vizuri ingeiacha salama. Kichujio kiliwekwa hezi 80, ili sabufa ipige chini ya hapo tu. Swichi ya kugeuza awamu (mwelekeo ambao koni huanza kusogea) ilijaribiwa pande zote mbili mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva. Upande wa sifuri ulijaza besi zaidi, ikaachwa hapo.

Spika za milangoni bado hupokea besi ambayo haziiwezi. Kapasita isiyo na chanya wala hasi ya mikrofaradi 400 kwenye kila moja, ikifungwa baada ya pale ishara ya amplifaya inapochukuliwa, huanza kuikata kwenye hezi 100. Hilo lilifanyika, na kupasua kukapungua sana.

Mtu mwingine alimshauri aongeze kapasita kubwa ya faradi 1 ili taa zisififie. Taa hazikuwa zinafifia. Na hata zingefifia: kapasita hiyo ikishuka kutoka volti 14 hadi 13 inatoa jouli 13.5, ambazo amplifaya inayovuta wati 375 inazimaliza kwa sekunde 0.036. Fedha yake nilishauri iende kwenye mikanda na boliti. Boksi lenye sabufa ndani lina uzito wa karibu kilo 20, limekaa nyuma ya vichwa vya abiria, na kwenye breki ya ghafla uzito huo hausubiri mtu. Lilifungwa kwenye nanga za sakafuni kwa boliti mbili za kufunguliwa kwa mkono, na waya za spika zikawekewa plagi, ili siku ya mzigo mkubwa litolewe lote na kubaki nyumbani.